Kwa Baiskeli Kandokando ya Mfereji wa Nivernais

Ndugu msomaji, baiskeli kwetu ni chombo cha kazi. Hubeba mkaa, maziwa, mikungu ya ndizi, mgonjwa wa kupelekwa zahanati na mtoto wa kupelekwa shule. Na mtu akionekana anaendesha baiskeli kutwa nzima, hana mzigo wa kuuza wala shughuli inayomngojea mbele, majirani watauliza amepatwa na nini. Juma hili nakuomba ufuatane nami hadi mahali ambapo jambo hilo hufanywa na makarani, waalimu, mafundi mitambo na wazee waliostaafu, wake kwa waume, wala hapana anayewashangaa. Mahali penyewe ni jimbo la Nièvre, katikati ya Ufaransa, na safari yetu ni ya siku moja tu kati ya siku nyingi za wasafiri wa namna hiyo: yapata kilomita 50, kutoka mji mdogo wa Clamecy hadi mabwawa ya Baye, kwa njia inayofuata mfereji wa kale.

Mwezi Juni jua la huko huchomoza kabla ya saa 12 asubuhi, wala halizami mpaka ikaribie saa 4 usiku. Kwa sisi tuliozoea jua linalotimiza saa 12 zake na kuondoka, hilo peke yake ni ajabu ya kutosha. Kwa hiyo msafiri hana sababu ya kuondoka na manane. Hukunja hema lake, hupita kwa mwoka mikate kuchukua mkate mrefu ungali moto, akaufunga juu ya keria. Mali yake yote imo ndani ya mikoba miwili inayoning'inia pande mbili za gurudumu la nyuma: hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, nguo za kubadili, koti la mvua, pampu, gundi na viraka vya kuzibia pancha. Hana zaidi ya hapo. Sijaona somo la unyumba lililo kali kuliko kupakia mikoba hiyo, kwa maana kila kitu ambacho mtu amekichukua kwa wasiwasi tu atakilipia kwa jasho katika kilima cha kwanza.

Mjini Clamecy pana daraja liitwalo Bethlehemu, na jina hilo halikuwekwa kwa pambo. Mwaka 1168 mtawala wa Nevers, Guillaume wa Nne, aliyefia Mashariki katika vita vya msalaba, aliusia nyumba na mapato hapa Clamecy kwa askofu wa Bethlehemu ya Palestina, ili apate pa kukimbilia siku mji wake utakapotekwa. Salahuddin aliitwaa nchi ile mwaka 1187, na katika karne iliyofuata maaskofu wa Bethlehemu walihamia kweli, wakakaa hapa vizazi kwa vizazi mpaka Mapinduzi ya Ufaransa yalipowaondoa mwishoni mwa karne ya 18. Fikiri, msomaji: askofu wa Bethlehemu asiyeiona Bethlehemu, akibariki mji wa wachuuzi wa kuni!

Maana kuni ndizo zilizoulea mji huu. Tangu karne ya 16, Paris ilipikia na kuotea moto wa kuni, na sehemu kubwa ya kuni hizo ilitoka katika misitu ya milima ya Morvan, iliyo mashariki ya hapa. Magogo yalikatwa, yakagongwa kwa nyundo chapa ya mwenyewe, yakatupwa katika vijito moja moja. Kisha mabwawa ya juu yakafunguliwa, na maji yakayasukuma yote pamoja, kwa vishindo na kugongana, hadi Clamecy. Hapo wanaume, wanawake na watoto waliyaopoa kwa kulabu, wakayatenga kwa chapa zake, wakayafunga kuwa vyelezo virefu vya zaidi ya mita 70. Mtu mzima mmoja alisimama mbele na mtoto, mara nyingi mwanawe mwenyewe, akasimama nyuma, wakaongoza msitu huo unaoelea katika Mto Yonne na kisha Mto Seine hadi mji mkuu. Safari ilichukua siku 10 na zaidi. Kurudi kwao kulikuwa ni kwa miguu.

Watu wa kazi hiyo hawakuwa wa kuchezewa. Mwezi Desemba 1851, Louis-Napoléon Bonaparte alipoipindua Jamhuri ili ajitawalie peke yake, wananchi wa Clamecy walishika silaha kuitetea. Walizimwa baada ya siku chache tu, na wengi wao walipelekwa uhamishoni Algeria, na wengine Cayenne huko Amerika ya Kusini. Leo juu ya daraja lile lile la Bethlehemu imesimama sanamu ya mwelea magogo na kulabu yake. Wapita njia wengi huipiga picha, wakapanda baiskeli na kuendelea.

Nasi tuendelee. Ukitoka mjini unaingia katika njia ya kando ya mfereji, na ghafla hapana sauti tena ila ya matairi juu ya changarawe. Mfereji huu wa Nivernais una urefu wa kilomita 174. Ulianza kuchimbwa mwaka 1784 kwa ajili ya kuni hizo hizo, ukasimama wakati wa Mapinduzi, ukaanzwa tena, na ulipokamilika katika miaka ya 1840 reli na makaa ya mawe vilikwisha kuwa mlangoni. Ni jambo la kusikitisha kidogo, na la kuchekesha kidogo: kazi ya zaidi ya miaka 50 iliyozeeka siku ya kuzaliwa kwake. Mashua za mizigo zilipungua mwaka hata mwaka, na tangu miaka ya 1960 zilizobaki ni mashua za kukodi za watu wa likizo. Lakini njia ya kando, ambayo punda, farasi, na mara nyingine binadamu wenyewe waliitumia kuvuta mashua kwa kamba, imebaki. Na kwa kuwa mashua haziwezi kupanda milima, njia hiyo nayo ni tambarare, jambo ambalo mwendesha baiskeli hulishukuru kila baada ya dakika tano.

Mwendo ni wa kilomita 15 kwa saa, au pungufu. Kulia ni maji ya kijani kibichi, na kereng'ende juu yake. Mdiria hupita kama kitambaa cha buluu kilichorushwa. Kushoto ni malisho, na humo wamelala ng'ombe weupe wa Charolais, wazito, wanaotafuna bila ya kumtazama mtu. Kila baada ya kitambo pana kijiji: kanisa, nyumba za mawe zenye madirisha yaliyofungwa, na mnara wenye majina ya waliokufa katika Vita vya 1914 hadi 1918. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara huo, na katika vijiji vingine majina yaliyochongwa hukaribia kuwa mengi kuliko watu unaowaona njiani.

Zipo desturi za kujua. Kwanza, salamu. Ukiingia dukani huagizi kitu kabla ya kusema bonjour. Asiyesalimia huko huonekana hakulelewa, na hapo nadhani tunaelewana nao vizuri. Pili, maduka ya vijijini hufungwa kuanzia saa 6 mchana hadi saa 8 na hata zaidi, watu wakaenda kula, na hata ungekuwa unakufa kwa njaa mbele ya mlango hautafunguliwa. Tatu, maji. Wasafiri wa baiskeli wanapotaka kujaza chupa zao hutafuta makaburi ya kijiji. Usishtuke, msomaji. Makaburi ya huko huwa na bomba, kwa ajili ya wajane na watoto wanaokuja kumwagilia maua, na maji yake aghalabu ni ya kunywa. Penye maji yasiyofaa huwekwa kibao cha kuonya. Kwa hiyo mtu mwenye kiu huingia pale, akavua kofia, akakinga chupa yake miongoni mwa wafu, akatoka taratibu.

Mchana umefika, tukae kivulini chini ya mipopla, tukate mkate na jibini, nikueleze wasafiri hawa walitoka wapi.

Kabla ya mwaka 1936, mfanyakazi wa kiwanda wa Ufaransa kwa kawaida hakuwa na likizo ya malipo. Akipumzika, hakuna ujira. Kwa hiyo hakupumzika. Bahari aliijua kwa picha za kalenda. Majira ya kuchipua ya mwaka ule muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, chini ya Léon Blum, ulishinda uchaguzi, na mara baada ya hapo wafanyakazi wapatao milioni 2 waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao, wakila, wakilala na kucheza kodiani kando ya mashine zilizozimwa. Mwezi Juni zilipitishwa sheria: majuma 2 ya likizo yenye malipo kila mwaka, na saa 40 za kazi kwa juma. Naibu waziri kijana, Léo Lagrange, alifanikisha tiketi za reli za bei pungufu kwa wenye likizo hiyo. Na wale ambao hata tiketi hiyo iliwashinda walitoka kwa baiskeli. Baiskeli za watu wawili, mume mbele na mke nyuma, ndizo zilizobaki kuwa picha ya kiangazi kile katika kumbukumbu ya Wafaransa. Wengi wao hawakwenda pwani hata kidogo. Walikwenda vijijini kwa wazazi wao kuonyesha watoto, kama vile mtumishi wa Dar es Salaam apandavyo basi kwenda Njombe au Musoma. Majuma 2 yakawa 3 mwaka 1956, yakawa 4 mwaka 1969, na tangu mwaka 1982 ni 5.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ni wangapi kati yetu wanaoziona siku hizo kuwa zao? Nyingine humezwa na misiba, nyingine na ujenzi wa nyumba isiyokwisha, na wako wanaume ambao likizo yao yote hupita katika baraza ya mtaa ule ule, watoto wakiwaona usiku tu. Sisemi tununue mahema. Lakini yule mume na mke wa 1936 juu ya baiskeli moja hawakuwa na fedha kuliko sisi, na kwa majuma 2 hapana msimamizi aliyejua walipo.

Baada ya kula, njia hupita karibu na Chitry-les-Mines, kijiji ambacho tangu mwaka 1904 hadi alipofariki mwaka 1910 meya wake alikuwa mwandishi Jules Renard. Alikulia hapo, na kitabu chake mashuhuri cha 1894 kinasimulia habari za mtoto asiyependwa na mama yake. Wanakijiji walimjua mama, walimjua na mtoto. Hebu fikiri ugumu wa kuwa meya wao.

Kisha tunafika Sardy, na mfereji ambao kutwa umekuwa mlalo unaanza kupanda ngazi. Maji hayapandi kilima, kwa hiyo wajenzi waliweka vyumba vya mawe vyenye milango miwili: mashua huingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji ya juu huachiliwa polepole mpaka chumba kijae na mashua iinuke, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Hapa pana vyumba 16 vilivyofuatana katika mwendo mfupi wa kilomita chache, na kando yake nyumba ndogo za waliokuwa wakivitunza. Kila mlinzi aliishi hapo na mkewe, watoto, bustani ya mboga na kuku. Katika baadhi ya nyumba hizo sasa wanaishi wafinyanzi na wachoraji.

Hapa ndipo miguu huanza kusema, na hapa ndipo inapofaa kumtaja Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejiita Vélocio. Alizaliwa mwaka 1853, na alikuwa mfanyabiashara wa hariri kabla ya kutekwa na baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha gazeti lake juu ya usafiri wa baiskeli, na kwa miaka mingi alipigania jambo ambalo wanamashindano walilicheka: kwamba baiskeli iwe na gia za kubadili, nyepesi kwa mlima na nzito kwa tambarare. Wakubwa wa mashindano ya kuizunguka Ufaransa walisema gia hizo ni za wazee na wanawake, na hawakuziruhusu hadi mwaka 1937, miaka 7 baada ya Vélocio kufa kwa kugongwa na tramu. Mwenyewe alikuwa akipanda milima kwa mamia ya kilomita, hali nyama wala havuti tumbaku. Mawaidha yake kwa wasafiri yangali yanarudiwa: ule kabla hujaona njaa, unywe kabla hujaona kiu, upumzike kabla hujachoka, na usikanyage pedeli hata mara moja kwa ajili ya kujionyesha. Hilo la mwisho lingewafaa pia vijana wa mtaani kwetu wanaoachia usukani kila wapitapo mbele ya wasichana.

Kutoka juu ya ngazi hiyo, ukitazama mashariki, unaiona Morvan, samawati na msitu juu yake. Nilikwisha kukuambia kwamba Paris ililetewa kuni kutoka kule. Ililetewa na maziwa vilevile, na simaanishi ya ng'ombe.

Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, mabibi wa matajiri wa Paris hawakupenda kunyonyesha, na wanawake wa Morvan walisifika kwa afya. Basi mwanamke maskini wa milima hii alipojifungua, alikaa na mtoto wake miezi michache, kisha akamwacha kwa bibi yake, akashika njia ya Paris kwenda kumnyonyesha mtoto wa mwingine. Kule alivishwa vizuri na kulishwa vizuri, maana maziwa yake yalikuwa yamenunuliwa. Huku nyuma wa kwake alipewa maziwa ya ng'ombe, katika zama ambazo watu hawakujua bado kuyachemsha na kusafisha chupa ipasavyo, na watoto wengi wa namna hiyo walikufa. Mama alirudi baada ya mwaka mmoja au zaidi na akiba. Wengine walikwenda mara ya pili na ya tatu. Kwa fedha hizo zilijengwa nyumba imara za mawe, zilizoezekwa vigae mahali pa nyasi, na mpaka leo watu wa Morvan huziita nyumba za maziwa. Unaweza kupita mbele yake kwa baiskeli ukasema, lo, nyumba nzuri iliyoje.

Na msafara ulikwenda njia zote mbili. Watoto wachanga wa Paris, wa masikini na wale walioachwa mikononi mwa serikali, waliletwa Morvan maelfu kwa maelfu kulelewa kwa malipo ya kila mwezi. Wako waliopendwa kama watoto wa nyumbani, wakaoa hapo na kuzikwa hapo. Wako waliokuwa wachunga ng'ombe wa bure. Sheria ya Desemba 1874, iliyoletwa na daktari Théophile Roussel, ndiyo iliyowaweka wachanga hao waliopelekwa kwa walezi chini ya uangalizi wa serikali na waganga. Mmoja wa watoto waliolelewa kwa utaratibu huo wa serikali ni mwandishi Jean Genet, aliyezaliwa mwaka 1910 na kulelewa katika kijiji cha Alligny-en-Morvan. Na katika kijiji hicho, tangu mwaka 2016, pana makumbusho ya wanyonyeshaji na watoto hao.

Nimekaa sana juu ya habari hii, msomaji, kwa sababu huu ni ukurasa wa jamaa. Mama uliye na msichana wa kazi nyumbani, huenda naye ana mtoto kwao, kwa bibi yake; wajua jina lake?

Mfereji sasa unaingia chini ya kilima cha La Collancelle, kwa mashimo matatu yaliyochimbwa katika mwamba, refu kuliko yote likiwa la mita 758. Ndani hamna njia ya kandoni. Mashua hupita gizani, na mwendesha baiskeli hupanda juu ya kilima kwa barabara, kati ya miti, akihema. Kimya cha hapo ni kikubwa. Vitabu vya utalii hukisifu kana kwamba kilitoka mbinguni pamoja na umande, nami siafikiani navyo. Katika miaka ya 1880 jimbo hili la Nièvre lilikuwa na watu zaidi ya 340,000. Leo wako karibu 200,000. Waliondoka walipokwisha kuni, walipokwisha wanyonyeshaji, walipokuja matrekta. Walifuata reli kwenda Paris, kama chelezo cha mwisho. Ndiyo sababu barabara ni tupu na ndege husikika. Wazee waliobaki humwona mgeni wa baiskeli kuwa neema, kwa kuwa hununua mkate, na mwoka mikate akiuza mikate ya kutosha hafungi duka, na duka lisipofungwa, pana mahali pa watu kuonana asubuhi.

Kutoka kilimani njia huteremka yenyewe. Ni saa 12 jioni, na jua lingali juu kama la saa 9 kwetu. Mbele yanaonekana mabwawa ya Baye na Vaux, yaliyofanywa ili kuupa mfereji maji ya kushuka pande zote mbili, upande huu kwa Mto Seine na upande wa pili kwa Mto Loire. Watoto wanaoga ukingoni. Msafiri hushuka, huegemeza baiskeli kwenye ukuta wa nyumba ya mlinzi wa maji, akapapasa matairi kwa kidole gumba. Wenye haraka wana kilomita 17 hivi nyingine za kuteremka hadi Châtillon-en-Bazois kabla ya giza, na muda wa kutosha kabisa.